Niache kazi ya ofisini niingie biashara ya dagaa?

Mkazi wa Nyegezi: Ndugu zangu, nimechoshwa na kazi ya kugonga mihuri kutwa nzima kwenye mafaili yasiyosomwa na mtu. Nina akiba kidogo, nami nafikiria kununua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na kuwasafirisha Dodoma. Je, mpango huu waweza kunitoa katika utegemezi wa mshahara?

Mchuuzi wa Mwaloni: Karibu, ila elewa kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwaka mzigo huadimika na bei hupanda, na mvua ikiwanyeshea wakiwa wameanikwa mchangani, huharibika au huishia kuwa chakula cha kuku, na hapo mtaji umekwenda. Usitie akiba yote katika mzigo mmoja.

Mama wa Igoma: Mwanangu, mshahara usiuache kwanza. Hatifungani za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali, huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, si utajiri, lakini ni kipato kisichotegemea mbalamwezi wala mvua.

Mkazi wa Nyegezi: Asante, mama. Nitajaribu magunia machache wakati wa likizo.

Mchuuzi wa Mwaloni: Basi njoo alfajiri, na kila gunia ulifungue hadi chini kabla ya kulipa.