Mei Mosi ilizaliwa Chicago, mbona Wamarekani wenyewe hawaisherehekei?

Shifti_ya_Usiku (Tabata)

Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa uwanjani kwenye Mei Mosi, tisheti na kofia za chama kama kawaida, wafanyakazi bora wakapewa zawadi zao, tukaimba Mshikamano Daima. Sasa wakati wa kurudi kwenye gari dada mmoja wa uhasibu akasema hii siku asili yake ni Marekani, kuna wafanyakazi walinyongwa kule zamani kwa ajili ya kudai masaa nane. Nikampigia shemeji yangu yuko Texas, akaniambia yeye siku hiyo alikuwa kazini kama siku nyingine tu na kule hakuna anayeizungumzia, sikukuu yao ya wafanyakazi iko Septemba. Naomba wanaoijua hii historia watuelezee, ilikuwaje kitu kizaliwe kwao, dunia ikichukue, halafu wao wakiache? Nani aliamua? Na hao walionyongwa ni kina nani?

Kalamu_Nyekundu

Mkuu umegusa penyewe, itakuwa ndefu kidogo nivumilie.

Chicago ya miaka ya 1880 ilikuwa ni viwanda kila kona, mtu anapiga kazi masaa 10, 12 na zaidi kwa siku, siku 6 kwa wiki. Vyama vya wafanyakazi vikakubaliana kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku ya kazi iwe masaa 8, tajiri asipotaka watu wanagoma. Masaa 8 ya kazi, masaa 8 ya kulala, masaa 8 ya kwetu wenyewe. Siku ilipofika waliogoma nchi nzima walikuwa kama laki 3 hivi, na Chicago ndiko kulikuwa na moto zaidi.

Tarehe 3 polisi wakapiga risasi wafanyakazi nje ya kiwanda cha McCormick cha mashine za kuvunia, watu wakafa. Kesho yake jioni ukaitishwa mkutano wa kulaani hayo mauaji pale Haymarket Square. Sasa hapa ndipo pa kushika vizuri. Meya wa jiji, Carter Harrison, alikuja mwenyewe akasikiliza, akaona watu wametulia, akamwambia mkuu wa polisi hakuna shida hapa, akaenda zake nyumbani. Mvua ikaanza, watu wengi wakaondoka, msemaji wa mwisho Samuel Fielden yuko juu ya mkokoteni anamalizia malizia. Inaenda saa 4 na nusu usiku, meya ameshaondoka, ndio kinakuja kikosi cha polisi karibu 175 kuamuru watu watawanyike. Kuna mtu akarusha bomu. Polisi wakafyatua risasi hovyo gizani. Polisi 7 walikufa, baadhi yao kwa risasi za wenzao, na raia wasiopungua 4. Aliyerusha lile bomu hajajulikana mpaka leo.

Wakashtakiwa watu 8, wanaharakati na watu wa magazeti ya wafanyakazi, wengi wao wahamiaji wa Kijerumani. Upande wa mashtaka haukuonyesha kwamba yeyote kati yao ndiye aliyerusha bomu, na baadhi yao muda ule hawakuwepo hata uwanjani. Walihukumiwa kwa walichoandika na walichohutubia, hicho ndicho kinaniuma mimi kila nikiisoma hii kesi. Tarehe 11 Novemba 1887 wakanyongwa wanne, August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel. Wa tano, Louis Lingg, alifia selo siku moja kabla. Mwaka 1893 gavana wa Illinois, John Altgeld, akawaachia watatu waliobaki na akaandika waziwazi kwamba kesi haikuwa ya haki, wazee wa baraza walichaguliwa makusudi wapatikane wenye chuki nao. Magazeti yakamshambulia kama vile yeye ndiye karusha bomu.

Mwaka 1889 wasoshalisti walikutana Paris wakaichagua 1 Mei kuwa siku ya maandamano ya wafanyakazi kila nchi. Ndio ikasambaa mpaka ikatufikia sisi.

Behewa_la_Tatu

Kalamu umemaliza Haymarket, mimi niende kwenye hiyo Septemba maana hapo watu wanachanganya sana mitandaoni. Utasikia eti serikali ilivunja mgomo wa Pullman, ile kampuni ya mabehewa ya treni, halafu ikawapa wafanyakazi sikukuu ya Septemba kama pole. Hapana, mpangilio ni huu. Maandamano ya Septemba waliyaanza wafanyakazi wenyewe New York, tarehe 5 Septemba 1882, kabla hata ya Haymarket, na majimbo kadhaa yalikuwa yameshaipitisha kuwa sikukuu. Rais Grover Cleveland akaisaini kuwa ya taifa tarehe 28 Juni 1894, siku mbili tu baada ya wafanyakazi wa reli kuanza kugomea mabehewa ya Pullman. Wanajeshi aliwapeleka Chicago siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai, gavana yule yule Altgeld anapinga. Mkono mmoja unasaini sikukuu, wa pili unatuma bunduki, ndani ya wiki moja!

Na dai la Pullman lilikuwa wazi kabisa. Kampuni ilikuwa na mji wake kusini mwa Chicago, wafanyakazi wanapanga nyumba za kampuni. Uchumi ulipoyumba 1893 kampuni ikakata mishahara kwa karibu robo lakini kodi ya nyumba ikabaki pale pale. Mtu analipwa na mwajiri, anarudisha kwa mwajiri, mkononi habaki na kitu. Kiongozi wa mgomo Eugene Debs akafungwa miezi 6, baadaye akawa msoshalisti na akagombea urais mara 5, ya mwisho 1920 akiwa gerezani na bado akapata kura zaidi ya laki 9.

Kwa hiyo jibu la nani aliamua: wakubwa walikuwa na siku mbili mbele yao, wakachukua ile isiyo na damu wala kitanzi. Na viongozi wengine wa vyama nao walikubali, tusiwafiche. Halafu wakati wa vita baridi, 1958, rais Eisenhower na bunge lao wakaifanya 1 Mei kuwa Siku ya Uaminifu kwa nchi, na mwaka huo huo ikatangazwa pia kuwa Siku ya Sheria. Tarehe ile ile ambayo watu walinyongwa kwa ajili yake! Tayari tangu 1947 kulikuwa na sheria ya kuwalazimisha viongozi wa vyama vya wafanyakazi waape kwamba sio wakomunisti, kwa hiyo nani angethubutu kubeba bendera nyekundu barabarani?

Ila na sisi wa mrengo wa kushoto tuseme na ya kwetu. Chama cha wafanyakazi wa reli cha Debs kilipiga kura kuwakataa wafanyakazi weusi. Yeye Debs alipinga, akashindwa. Wahudumu wa mabehewa ya Pullman walikuwa weusi, wakaachwa nje ya mgomo uliohusu kampuni yao wenyewe, mpaka A. Philip Randolph alipowaundia chama chao 1925, na mkataba na kampuni wakaupata 1937, miaka 12 ya kupambana. Huyo Randolph ndiye aliyekuja kuongoza maandamano ya Washington ya 1963. Watu wanakumbuka hotuba ya Martin Luther King tu, wanasahau kwamba yale yalikuwa maandamano ya kudai kazi na uhuru, kazi ikitangulia.

Mtoto_wa_Kilindini

Niko Mombasa, huku twaiita Leba Dei. Hapo kwa King umenena. Aliuawa Memphis Aprili 1968 akiwa ameenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Wenzao wawili walikuwa wamejikinga mvua nyuma ya lori la taka, mashine ikawasaga. Mabango yao yaliandikwa maneno manne tu ya Kiingereza, "I am a man", yaani mimi ni mtu. Kila Januari wanamuadhimisha Marekani nzima lakini hicho kipande cha mshahara na chama cha wafanyakazi hukisikii, unasikia ndoto tu.

Na ule wimbo mlioimba uwanjani nao ni wa hao hao. "Solidarity Forever" aliuandika Ralph Chaplin, mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha IWW, akaumalizia Chicago Januari 1915, akatumia sauti ya wimbo wa John Brown, yule mzungu aliyenyongwa 1859 kwa kutaka kuwakomboa watumwa kwa silaha. Chaplin mwenyewe 1918 akahukumiwa miaka 20 pamoja na wenzake kwa sababu ya kupinga vita. Huku COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, wanauimba kila mwaka, huko kwenu mnauimba, wengi hatujui watu wa wimbo wenyewe yaliwakuta nini.

Mama_Zuu_Illinois

Naishi huku Chicago nafanya kazi kwenye ghala. Makaburi yao yapo, unapanda treni ya Blue Line mpaka mwisho Forest Park, makaburi yanaitwa Forest Home. Kuna sanamu ya shaba ya mama amejitanda kichwa, anapiga hatua mbele, anamvika taji mfanyakazi aliyelala nyuma yake. Chini yameandikwa maneno ya Spies akiwa kitanzini, kwamba itafika siku kimya chetu kitakuwa na nguvu kuliko sauti mnazozinyonga leo. Nilipoenda nilikuta maua na karatasi zimeandikwa Kispaniola. Lucy Parsons, mke wa Albert, mwanamke mweusi aliyeendelea kuhutubia miaka zaidi ya 50 baada ya mumewe kunyongwa, naye kazikwa hapo karibu.

Na sio kwamba Mei Mosi huku imekufa kabisa. Tarehe 1 Mei 2006 wahamiaji, wengi wa kutoka Meksiko, waliacha kazi wakajaa barabarani Chicago na miji mingine, malaki ya watu, kupinga sheria ya kuwafanya wasio na karatasi kuwa wahalifu. Walioianzisha 1886 wengi wao walikuwa wahamiaji, na walioirudisha barabarani nao ni wahamiaji.

Shifti_ya_Usiku (Tabata)

Aisee asanteni sana, nimeitumia kwenye grupu la kazini yote. Swali la mwisho, hayo masaa 8 waliyoyafia waliyapata lini sasa?

Kalamu_Nyekundu

Kuna waliopata mapema kwa migomo yao, ila sheria ya nchi nzima ni ya 1938 chini ya rais Roosevelt, na wiki ya masaa 40 ikaanza rasmi 1940, miaka 54 baada ya Haymarket. Haiwekei kikomo masaa, inasema ukipitisha 40 unalipwa ovataimu. Na iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo kule kusini ndizo walizokuwa wanafanya weusi wengi. Wa majumbani waliingizwa 1974. Wa mashambani kuna majimbo machache yaliyowawekea sheria yao, ila ile ya ovataimu ya nchi nzima mpaka leo haiwahusu.