Tathmini ya kwanza kazini: nijitayarishe vipi?

Mapokezi_Malindi
Assalaam alaykum. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi tangu Aprili, majaribio ni miezi 6. Alhamisi ijayo meneja atanifanyia tathmini. Nimepewa fomu nijipe alama mwenyewe, 1 hadi 5, na nafasi ya maelezo. Nijaze nini?

Bint_Shela
Waalaykum salaam, dada. Fomu iweke kando kwanza, toa barua ya ajira yenye orodha ya majukumu. Kila jukumu liandikie mambo mawili uliyoyafanya, na tarehe zake. Alama isiyo na mfano meneja huishusha, maana hana cha kushika.

"Nahudumia wageni vizuri" haisemi kitu. Andika hivi: "Aprili hadi Juni nimefunga hesabu ya kaunta zamu 70. Pesa zilipungua mara 2, chini ya shilingi 300 kila mara. Sababu: bili ya baa haikuingizwa kwenye chumba. Sasa naulizia baa kabla mgeni hajalipa." Hapo 4 yajitetea yenyewe, na kosa limeonekana pamoja na dawa yake.

Usijipe 5 kila mahali. Wala usijipe 2 kwa haya, kwani ukishaiandika kwa mkono wako ni vigumu mtu kukupandishia. Tarehe zitoe kwenye kitabu cha zamu, lakini majina na pasipoti za wageni usizinakili. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; nambari ya chumba yatosha.

Upepo_wa_Kusi
Umeanza wakati wa masika, hoteli nyingine hata zafungwa. Ukipimwa kwa idadi ya wageni, omba ilinganishwe na miezi hiyo hiyo ya mwaka jana, si na Desemba. Bora zaidi upimwe kwa kilicho mikononi mwako: dakika za kumpokea mgeni, bili zilizorudishwa kwa makosa.

Mkomani_Lamu
Mwanangu, angalia saini. Andika "nimeisoma" na tarehe. Usipokubaliana na jambo, liandike hapo hapo juu ya saini, kisha omba nakala. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, majaribio hayapiti miezi 6, na kuyaongeza kwataka ridhaa yako, tena si zaidi ya miezi 6 mingine. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kuongeza muda, usiitie saini papo hapo. Nenda nayo nyumbani uisome.

Mapokezi_Malindi
Shukran sana. Na mshahara niuguse?

Bint_Shela
Siku hiyo hapana, utasubiri barua ya kuthibitishwa. Alhamisi uliza hili: "Ni mambo gani matatu niyatimize kabla ya Septemba ili nithibitishwe?" Yaandike mbele yake, na jioni hiyo hiyo umtumie kwa baruapepe.