Vifaa vya kuzamia vilivyoagizwa kwa posta miaka ya 1950: nisaidieni kuusoma mtungi huu

Mwana wa Chole

Habari zenu, wazamiaji wenzangu. Nilijifunza kuzamia kisiwani Mafia, katika ghuba ya Chole, na sasa ninaishi Ohio, ambako kuifikia bahari ni safari ya siku nzima kwa gari. Mwezi uliopita familia moja ya mtaani kwetu iliuza vitu vya marehemu baba yao, nami nikanunua sanduku lililonishangaza. Ndani yake mlikuwa na regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) ya zamani yenye mabomba mawili ya mpira, mtungi wa chuma, suti nyeusi ya kuzamia iliyobandikwa utepe wa manjano kwenye maungio, na katalogi ya duka la vifaa vya kuzamia iliyojaa alama za penseli.

Katikati ya katalogi pana fomu ya vipimo vya mwili. Mzee alijaza kifua, kiuno, paja na kifundo cha mguu kwa mwandiko safi kabisa, ila nafasi ya kifundo cha mkono aliiacha wazi. Begani mwa mtungi pamegongwa ICC-3AA2250, kisha 7 56 na alama ya kujumlisha, na mbele kidogo 9 61 na alama hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna tarehe nyingine.

Ninayo maswali mawili. Kwanza, alama hizo zina maana gani, na je, mtungi huu bado unaweza kutumika? Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi, iliwezekanaje mtu wa bara, asiye na bahari wala duka la kuzamia karibu, kuagiza kwa posta chombo cha kupumulia chini ya maji bila kuulizwa kama amewahi kufundishwa? Sisi Mafia hatukuruhusiwa hata kuushika mtungi kabla ya kumaliza masomo ya darasani.

Fundi wa Valvu (Dar es Salaam)

Ndugu Mwana wa Chole, nianze na mtungi kwa sababu hapo pana hatari. ICC ni kifupi cha Interstate Commerce Commission, chombo cha serikali ya Marekani kilichosimamia usafirishaji wa mitungi ya gesi kabla kazi hiyo haijahamishiwa Wizara ya Uchukuzi, na ndiyo maana mitungi ya baadaye imegongwa DOT. 3AA ni aina ya chuma. 2250 ni shinikizo la kazi kwa kipimo cha Kimarekani, sawa na takriban bar 155 (bar moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida inayotuzunguka). Tarehe ya kwanza ni Julai 1956, mtungi ulipopimwa kiwandani, na alama ya kujumlisha iliruhusu kuujaza asilimia 10 zaidi, hadi karibu bar 170. Ukijazwa hivyo, mtungi wa ukubwa uliozoeleka wakati huo ulibeba futi za ujazo 72 za hewa, yaani takriban lita 2,000.

Mtungi kama huo hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5. Wako ulipimwa kwa mara ya mwisho Septemba 1961, kwa hiyo kwa sasa usijazwe hata kidogo. Upeleke kwa wapimaji wenye kibali, waufungue valvu na kumulika ndani. Nimewahi kuinamisha mtungi wa zamani juu ya karatasi nyeupe ukatoka unga wa kutu kiasi cha kijiko. Hata hivyo chuma cha miaka ile kilikuwa kizuri, na iko mitungi ya umri huo inayofaulu vipimo hadi leo.

Sasa itazame valvu yenyewe. Ikiwa ina kishikio ubavuni chenye waya mrefu unaoshuka kiunoni, hiyo ni valvu ya akiba. Wazamiaji wengi wa siku hizo hawakuwa na geji ya kuonyesha hewa iliyobaki. Mtu alizamia mpaka pumzi ikaanza kuwa nzito, akauvuta ule waya, valvu ikamfungulia akiba ya bar 20 hivi, akapanda. Ubaya ni kwamba waya ukinaswa na mwani bila mwenyewe kuhisi, akiba ilifunguka mapema, na siku anapouvuta hakuti chochote. Kila ninapoifungua valvu ya namna hiyo mezani kwangu huwafikiria wale watu, kwa maana maisha yao yote yaliegemea springi moja ndogo.

Regyuleta usiitumie kabla ya kubadilisha mpira wote. Kiwambo cha ndani na mabomba ya zamani hupasuka yakikunjwa, lakini vipuri vipya vya silikoni hutengenezwa kwa ajili ya wanaozipenda mashine hizi. Ukiizamisha utahisi tofauti mara moja. Sanduku la valvu hukaa mgongoni, kwa hiyo ukiogelea kifudifudi liko juu ya mapafu yako na hewa huvutwa kwa nguvu kidogo, na ukilala chali hewa hububujika yenyewe. Uzuri wake ni kwamba mapovu hutokea nyuma ya kichwa na uso unabaki wazi, jambo ambalo wapiga picha walilipenda sana.

Mama Nuru (California)

Mwanangu, nikuambie habari ya suti, maana jirani yangu mmoja mzee, ambaye alianza kuzamia akiwa kijana, alinisimulia kwa kirefu jinsi alivyoishona ya kwake, ingawa neno kushona si sahihi kwa sababu hapakuwa na sindano.

Suti ya neopreni, yaani mpira wa sponji, ilibuniwa mwaka 1952 na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliyewafikiria wazamiaji wa jeshi la majini. Haikuchukua muda raia wakaitaka, kwa sababu maji ya huku ni baridi ya kukata mifupa. Iliyo tayari ilikuwa ghali, kwa hiyo maduka yakauza kwa posta shuka za neopreni pamoja na ruwaza za karatasi, gundi na utepe. Wewe ulijipima, ukatuma vipimo na manioda, ukangoja. Vifurushi vyepesi vilikuja na posta. Mizigo mizito kama mitungi na mikanda ya uzani ya madini ya risasi ilisafirishwa zaidi kwa reli, kupitia Railway Express Agency, na mtu aliweza kwenda kuuchukua mzigo wake stesheni.

Mzee huyo na mkewe waliitandaza neopreni kwenye meza ya kulia chakula, wakachora kwa chaki, wakakata kwa wembe. Gundi ilipakwa kingo zote mbili, ikaachwa mpaka isinate tena kidoleni, ndipo kingo zikakutanishwa mara moja tu, kwa sababu zikigusana hazibanduki. Yeye alitengeneza mikono miwili ya kushoto na ikambidi aagize shuka nyingine, akangoja wiki kadhaa. Harufu ya gundi, aliniambia, ilikaa kwenye mapazia mpaka Krismasi.

Neopreni ya mwanzo haikuwa na kitambaa ndani. Ilikuwa mpira mtupu, na mtu hakuweza kuivaa bila kujipaka poda au wanga wa mahindi mwili mzima, na hata hivyo kucha moja ndefu ilitosha kuichana. Utepe wa manjano unaouona ulibandikwa kuimarisha maungio. Hebu niangalizie mkono wa suti hiyo pale kwenye kifundo. Kama mzee aliiacha nafasi ile wazi, nina hakika kuna kitu alikirekebisha mwenyewe.

Msoma Kumbukumbu

Nijibu swali lako la pili, ambalo mimi naliona ndilo kubwa zaidi. Hakuulizwa cheti kwa sababu cheti hakikuwepo. Valvu ya kupumulia ya Émile Gagnan na Jacques-Yves Cousteau, ambayo ndiyo regyuleta tunayoizungumzia, ilizaliwa Ufaransa mwaka 1943, Gagnan akiwa ameianza kama valvu ya kupeleka gesi kwenye injini za magari wakati petroli ilipoadimika vitani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 René Bussoz, aliyekuwa na duka la michezo Los Angeles, alianza kuiingiza Marekani, na biashara yake ndiyo iliyokuja kuitwa U.S. Divers, kampuni ya vifaa vya kuzamia. Desemba 1951 likatoka toleo la kwanza la jarida la Skin Diver, na matangazo ya majarida ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa duka la mtu wa bara. Familia za Marekani zilikuwa zimezoea kuagiza majembe, nguo na bunduki kwa katalogi tangu karne ya 19. Baadaye hata Sears, kampuni kubwa ya maduka na katalogi, waliuza regyuleta zenye jina la Ted Williams, mchezaji maarufu wa besiboli. Machoni mwa mnunuzi, regyuleta ilikuwa kifaa cha michezo kama ndoana.

Lakini ndoana haikuui usipoijua. Mtu akivuta pumzi ya mtungi katika kina cha mita 10, hewa hiyo itataka kuwa mara mbili ya ujazo wake afikapo juu, na akiibana pumzi anapopanda, mapafu hupasuka. Hata mita 2 zinatosha kumdhuru. Jambo hilo laweza kuelezwa kwa sentensi moja, na bado wapo waliokufa kwa sababu hawakuwa na wa kuwaambia sentensi hiyo, au waliisoma kwenye kijikaratasi kilichokuja na mzigo wasiielewe. Linaniuma kila ninapolisoma.

Wazamiaji wenyewe ndio waliolishughulikia. Wanasayansi wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari kule La Jolla, California, walifundishana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kaunti ya Los Angeles ikaanzisha mafunzo ya wakufunzi mwaka 1954, YMCA ikafuata kwa mpango wa taifa zima mwaka 1959, kisha mashirika ya mafunzo ya kuzamia, NAUI mwaka 1960 na PADI mwaka 1966. Desturi ya duka kudai kadi ya cheti kabla ya kukujazia mtungi ilikuja taratibu, baada ya hapo.

Uingereza shida ilikuwa fedha zaidi. Huko watu walinunua mitungi ya oksijeni iliyotolewa kwenye ndege za kivita, wakageuza regyuleta za gesi ya kupikia kuwa valvu za kupumulia, na klabu ya wazamiaji ya BSAC, iliyoundwa mwaka 1953, ikawa mahali pa kusahihishana.

Kuhusu hewa, posta haikuweza kuileta. Wa bara walitegemea wauza gesi za kuchomelea, vikosi vya zimamoto, au kompresa iliyonunuliwa kwa mchango, na aliyeiweka kompresa karibu na moshi wa injini yake alijaza mtungi kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, bila kujua.

Mwana wa Chole

Nawashukuru sana nyote. Nilirudi kwa mtoto wa marehemu nikamuuliza kuhusu hewa, akasema baba yake na wenzake watano walichangiana kununua kompresa, ikakaa katika banda la mmoja wao, nao walizamia katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji, mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Anakumbuka akiwa mdogo akikatazwa kuwasha gari karibu na banda hilo mashine inapofanya kazi. Kwa hiyo hilo la moshi walilijua.

Fundi, valvu ni hiyo hiyo ya akiba, waya wake bado upo na kishikio kinageuka. Mtungi nitaupeleka kupimwa Jumatatu. Mabomba mapya ya regyuleta nimeshayaagiza, nayo yanakuja kwa posta.

Mama Nuru, umesema kweli. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia pana kipande cha pembetatu kilichoongezwa, cha neopreni nyembamba kuliko suti yenyewe, na utepe wake umekatwa kwa mkasi usio mkali. Mkono wa kushoto hauna kiraka.