Chumba chembamba, ukuta wa chokaa: wanangu nitawawekea wapi pa kusomea nyumbani?

MamaWawili_Mkomani

Asalaam aleykum. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nakaa Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani, ghorofa ya juu ya nyumba ya kale ya mawe ya kina mume wangu, pamoja na mavyaa, yaani mamake mume wangu. Nina watoto wawili. Mkubwa, Badi, ana miaka minne na nusu. Mdogo atatimiza mitatu baada ya Idi. Badi nilimpeleka chekechea muhula mmoja. Darasa lilijaa hadi mwalimu akawa anamwita jina la mtoto mwengine, naye anaitika. Siku niliyosikia kwa masikio yangu akiitika jina lisilo lake ndiyo siku niliyomtoa. Nia yangu nimsomeshe mwenyewe, Januari aingie PP2, mwaka wa pili wa shule ya awali, shule nyingine. Chuoni, kusoma Kurani, anakwenda alasiri kama kawaida, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa.

Shida yangu ni pahali. Nilichagua chumba cha ndani kabisa kwa kuwa hakina mwenyewe. Ni kirefu, lakini upana wake hata mita tatu haufiki, kama mnavyozijua nyumba hizi: boriti ya mkoko ilipoishia ndipo na chumba kilipoishia. Dirisha hakina. Saa nne za asubuhi nawasha taa, na umeme ukikatika darasa limekwisha.

Nilinunua Mombasa picha za herufi na wanyama, nikazibandika ukutani kwa selotepu. Siku ya tatu twiga akaanguka pamoja na kipande cha lipu kikubwa kama sahani ya wali. Nikajaribu msumari. Ukuta ukatoa unga mtupu. Mavyaa hakusema neno. Alichukua ufagio akafagia, na wenye mavyaa mnajua kwamba hilo ni zito kuliko kusemwa.

Nikanunua meza ya plastiki na viti viwili, 3,200. Mdogo miguu inaning'inia, Badi akiandika mabega yanampanda hadi masikioni. Tena Badi ana shoto. Na jina lake analiandika kuanzia kulia, kama herufi za chuoni, linasomeka idaB.

Mwangaza uko msana wa tini, ukumbi mrefu wa mbele unaoelekea kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Lakini pale ndipo mavyaa anapokaa kushona kofia kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na jioni ndipo anapoketi na wageni wake. Siwezi kumwambia mama wa watu aondoke barazani pake.

Nimebakiwa na shilingi 9,000. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Langoni

Waaleykum salaam dada. Mimi nitasema ya mbao tu, ya kusomesha sina ujuzi nayo.

Hiyo meza ya plastiki mpe mtu. Huwezi kuikata miguu ikabaki sawa. Kipimo cha kiti cha mtoto ni kutoka wayo hadi nyuma ya goti, akiwa amesimama bila viatu. Akiketi, nyayo zote mbili zikae sakafuni. Kisha mwambie akunje mikono: kiwiko kilipo ndipo meza ilipo. Vipimo vya samani za shule vinavyofuatwa Ulaya vinampa mtoto wa urefu wa sentimita 93 hadi 116 kiti cha sentimita 26 na meza ya 46. Wapime wako. Nadhani wote wawili wataingia humo, kwa hiyo meza ni moja, usitengeneze mbili.

Mbao: ukipewa mwembe kwa bei rahisi chukua, ila ujue wadudu wanaupenda. Upigwe msasa, upakwe vanishi pande zote, hata chini ya miguu. Na asikuzuge mtu akakupakia sifa ya jahazi, yaani mafuta ya papa, eti inazuia wadudu. Inazuia kweli, lakini watoto watanuka papa mpaka wafike chuo kikuu.

Kama mkono ni mfupi kwa sasa, laza kreti mbili za soda, weka ubao juu, watoto waketi mkekani. Wamesoma watu hivyo.

La mwisho, na hili si utani. Umesema ghorofa ya juu na msana unaelekea kiwandani. Tazama ukingo. Mtoto wa miaka mitatu akisimama chini huenda haufikii, lakini kiti kikiwekwa kando ya ukingo kimekuwa ngazi. Meza na viti vikae upande wa ukuta wa nyuma, na somo likiisha viti viondoke.

Mzalendo254

Dada, bila kukuudhi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule. Mwalimu akikosea jina unakwenda kumrekebisha, humtoi mtoto. Mtoto anahitaji wenzake.

MamaWawili_Mkomani

Kaka, nilikwenda mara tatu. Na wenzake anao: chuoni wako zaidi ya thelathini, na ndiani mbele ya nyumba hawapungui wanane na mpira mmoja. Shule ataingia Januari inshallah. Swali langu lilikuwa la chumba.

Fundi, shukran. Nimewapima. Badi 104, mdogo 93 na nywele. Ukingo nimeutazama, nikaona nilivyokuwa mjinga. Viti nilikuwa naviegemeza pale pale.

Bi_Mstaafu_Shela

Mwanangu, nimefundisha watoto wadogo miaka ishirini na sita, na hizo nyumba nimezaliwa ndani yake. Nakujibu polepole, kidole kimoja.

Hicho chumba cha ndani kiache. Waliojenga hawakukijenga kwa kusomea. Nyumba ya kale inapanda kidogo kidogo: kutoka kiwandani unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na kila ukipanda unaacha mwangaza nyuma. Ndani pana siri na ubaridi, pa kulala na kuzalia. Ukimfungia mtoto humo na taa ya umeme atapiga miayo, utasema hapendi kusoma.

Sasa la mavyaa. Umeandika kama kwamba amekaa pale kwa enzi. Mtu anayeshona kofia anahesabu matundu madogo kuliko chembe ya mchele. Yuko pale kwa ajili ya mato (macho) yake, kama vile wewe unavyopataka pale kwa ajili ya mato ya Badi. Usimwombe aondoke. Mwulize: mama, mwangaza mzuri hapa unaanza saa ngapi na unakaa wapi? Atakuonyesha mpaka kidole. Hakuna anayeujua msana ule kumshinda.

Watoto wa umri huo hawahitaji asubuhi nzima. Shuleni kipindi cha PP1 na PP2 ni nusu saa, na mimi nilikuwa nashukuru nikipata dakika ishirini za mtoto kunitazama. Vipindi vitatu na mchezo katikati, saa tano mumemaliza. Wageni wa jioni hawatajua kama palikuwa na darasa, mradi zombo (vyombo) za darasa ziwe na kasha lake. Mavyaa hana kasha la kale? Muulize kama lina nafasi.

Ukuta. Usiubandike wala usiupige kitu. Lipu ya chokaa ni laini na inapumua; ukiziba kwa rangi ya plastiki chumvi inakaa ndani na kuibambua. Kama umefanya weusi, piga chokaa nyeupe upya. Ni bei ndogo, na utashangaa msana utakavyong'aa, kwani chokaa inaurudisha mwangaza. Picha zitundike kwenye boriti: funga kamba ya usumba kutoka boriti hii hadi ile, ishuke hadi usawa wa mato ya mtoto, si yako, na utumie vibanio vya nguo. Ubao wa kuandikia kata kipande cha plaiwudi, upake rangi ya ubao, uuegemeze. Na kwa kuwa mji umo kwenye Turathi za Dunia tangu 2001, asije mume wako akapata fikra ya kutoboa dirisha.

Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kama mnazo, za chini ndizo za watoto. Kila kidaka kitu kimoja: kimoja chaki, kimoja vitabu viwili, si kumi. Mtoto akiona vyote kwa pamoja huvimwaga vyote kwa pamoja.

Shoto. Mwache aandike kwa mkono wa kushoto, ale kwa wa kulia. Nimewalea wengi hivyo na hawakuchanganyikiwa. Mwangaza umjie kutoka kulia kwake, ili mkono usitie kivuli kwenye herufi. Karatasi ailaze mshazari, pembe ya juu ya kushoto iwe juu zaidi. Na hilo la idaB lisikutie hofu, umri huo hata wasiosoma chuo hugeuza. Bandika kitone cha kijani upande wa kushoto wa karatasi, umwambie: Kiswahili kinaondokea bandari hii. Chuoni kinaondokea ile. Mtoto wa Amu anaelewa bandari.

Hesabu, tafuta bao. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Kabla ya kucheza mwache ajaze mbili mbili, atajifunza mafungu bila kujua. Ila komwe, hizo kete za mbegu, na huyo wa miaka mitatu visikutane peke yao. Anazitia mdomoni.

Na akisema *moya* usimkate. Mwambie nyumbani moya, kitabuni moja. Anajua lugha mbili, wenzake wanajua moja.

UmmuHafsa_Malindi

Maa shaa Allah, Bi, nimeyanakili yote. Mimi niko Maweni, Malindi, nyumba ya tofali na mabati, kwa hiyo shida yangu ilikuwa joto na si giza. Saa tano chumba kinakuwa tanuri. Nilihamia chini ya mwembe na jamvi, ndani nikabakisha vitabu tu. Sasa shida ni upepo. Kusi ikianza, karatasi zote ziko kwa jirani. Kila mtoto ana kijiwe chake alichokipaka rangi.

Niongeze mawili. Sinia la mchanga wa kuandikia kwa kidole ni zuri kuliko madaftari matano, lakini mchanga wa pwani usiutie vile vile. Chumvi inavuta unyevu, unakuwa tope, na sinia linashika kutu. Uoshe kwa maji ya mfereji mara tatu nne, uanike, uchunge. Mimi sikuosha. Sinia lilikuwa la mama yangu.

La pili, masika. Kadi za karatasi zangu zote zilikunjika na kuota ukungu Mei. Mwaka uliofuata nilinunua yadi mbili za bafta, nikakata vipande vya kiganja, nikaandika herufi kwa kalamu isiyofutika. Zinafuliwa. Nilianza na herufi za majina yao, kisha ba be bi bo bu. Vitabu visigusane na ukuta wa nje, acha nafasi ya vidole viwili upepo upite.

MamaWawili_Mkomani

Narudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya.

Nilimuuliza mavyaa swali la Bi neno kwa neno. Alinyamaza, kisha akaniambia saa mbili u nusu hadi saa tano, na akanionyesha vigae vinne vya sakafu. Vinne tu. Baada ya hapo, anasema, jua linapiga ukuta wa jirani na mwangaza unaumiza. Nilikuwa nimekaa nyumba hii miaka sita sijui.

Msana tumeupiga chokaa, mume wangu na ndugu yake, siku moja, na punda wa jirani akapata madoa kwa kuwa walichanganyia ndiani. Meza imetengenezwa mtaa wa Langoni, mwembe, sentimita 46, na viti viwili, jumla 5,500. Fundi_wa_Langoni, kama ni wewe uliyenitengenezea na hukusema, nakushuku, maana ulipima mtoto hadi nyuma ya goti. Kamba ya usumba ipo. Twiga amerudi, sasa anapepea.

Badi anaandika Badi. Siku nyingine bado anaondokea bandari nyingine. Anajirekebisha mwenyewe akikiona kitone, akisema "hii ya chuo".

Bafta niliinunua, nikaanza kuandika herufi kwa kalamu usiku. Asubuhi nikamkuta mavyaa ameshika kipande cha B, anakigeuza. Akasema kalamu itafifia, na mwandiko wangu umepinda. Sasa anazishona, kwa uzi wa kofia, mbili kwa siku. Amefika K. Anataka kujua kama X tunaihitaji, nami sikuwa na jibu. Kiswahili hakiitumii, lakini seti ya Kiingereza inayo. UmmuHafsa, wewe ulifanyaje?

Alichokataa ni kuusogeza mto wake. Kwa hiyo vigae ni vinne, mto umekaa kwenye kimoja, meza kwenye viwili, na cha nne ni cha yule mdogo, ambaye hakai.

UmmuHafsa_Malindi

X mwambie aishone ya mwisho, akiwa na uzi uliobaki. Yangu imetumika mara moja tu, kuonyesha jibu lililokosewa.