Mnara upi wa kuongozea meli unafaa kwa ziara ya wanafunzi kutoka Mbeya: Chumbe, Kigomasha au Nungwi?

Mwalimu wa Uyole
Ndugu zangu, nafundisha historia, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajawahi kuona maji makubwa kuliko Ziwa Nyasa pale Matema. Ningependa wauone mnara wa zamani wa kuongozea meli, lakini michango ya wazazi inatosha mmoja tu. Upi una mengi ya kufundisha?

Mkazi wa Kihesa
Mwalimu, Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, uondoe. Ni mkongwe, wa mwaka 1886, lakini haufunguliwi kwa wageni, na kuwatoa watoto Mbeya waje kuutazama kwa nje ni kuwaonea. Mimi napendekeza Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba. Mnara wake wa chuma, kazi ya Waingereza, hupandwa hadi juu kwa ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na jirani yake kuna msitu wa Ngezi, wenye popo wa Pemba wasiopatikana kwingineko duniani.

Binti Tukuyu
Shikamoo Mwalimu. Kigomasha ni pazuri, ila baada ya basi la kutwa nzima hadi Dar es Salaam, bado kuna bahari ya kuvuka na safari ya gari kutoka upande mmoja wa Pemba hadi mwingine. Kisiwa cha Chumbe kiko kusini kidogo tu ya mji wa Zanzibar. Mnara wake ulijengwa mwaka 1904, na nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa gofu, sasa ndiyo kituo cha wageni. Hata msikiti mdogo wa watunza taa bado upo. Zaidi ya yote, mwamba wa matumbawe ambao mabaharia waliuogopa, na ambao tangu 1994 ni hifadhi, unaonekana palepale chini ya mnara, kwa hiyo mwanafunzi hahitaji kuelezwa kwa nini taa iliwekwa mahali hapo.

Fundi Makambako
Naunga mkono Chumbe, kwa sababu mwaka 1926 taa yake ilibadilishwa ikawa ya gesi. Waeleze wanafunzi kuhusu vali ya jua ya Gustaf Dalén wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912: fimbo nyeusi hufyonza mwanga wa mchana, hupata joto na kurefuka kidogo sana, kisha hufunga gesi na taa huzimika; giza likiingia hupoa, hufupika, na gesi hupita tena bila mtu kugusa chochote. Hapo unaunganisha historia na fizikia.

Mkazi wa Kihesa
Hoja ya mwamba imenishinda. Ila Mwalimu, Chumbe hupokea wageni wachache kwa siku, kwa hiyo omba nafasi mapema na uwe tayari kuwagawa wanafunzi makundi. Likizo ya Juni ni msimu wa kusi na bahari huchafuka. Desemba ni afadhali.

Mwalimu wa Uyole
Nashukuru sana. Nitaomba nafasi ya Desemba, na mwalimu wa fizikia nitamwomba tuongozane.