Tupeane uzoefu: ziwa, usingizi na siku ya kumwachisha mtoto

Macho Mekundu
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi 11, meno sita, na usiku anaamka mara nne hadi tano kutafuta ziwa. Njaa hana. Anavuta mara mbili tatu anasinzia na chuchu mdomoni, nikijaribu kuichomoa anang'ata. Juzi asubuhi nimekuta soksi yangu kwenye friji. Nawaza kumwachisha, halafu ananyonya huku ananitia kidole puani na kucheka, nalainika. Mliopita hapa, mlijuaje kwamba wakati umefika? Naomba yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia yamenitosha.

Mama wa Watatu
Mwenzangu, ghafla usijaribu. Wa kwanza nilimwachisha na mwaka na miezi miwili, kwa siku moja. Ijumaa nikampeleka kwa bibi yake, nikalala kama gogo. Jumamosi jioni matiti yalikuwa mawe, siwezi hata kushusha mkono. Jumapili la kushoto lina baka jekundu la moto, homa 39, natetemeka chini ya blanketi mbili. Nesi akasema titi limepata maambukizi, nikaandikiwa antibiotiki. Kisha akaniambia nisiache kuyatoa maziwa, mtoto anyonye au nikamue, maana yakituama hali inazidi. Nikamfuata mtoto mwenyewe, kwa aibu.

Na hilo si lote. Nilipokuja kuacha kabisa nililia wiki mbili bila sababu. Kumbe homoni za kunyonyesha zikishuka kwa kasi, na moyo nao unaweza kuyumba. Mimi nilidhani nachanganyikiwa.

Hawa wawili wa mwisho niliondoa awamu moja moja. Kwanza ya mchana, ambayo hata hakuistukia. Nikasubiri siku nne tano matiti yazoee, ndipo ya jioni. Ya kulalia na ya alfajiri ndizo zilizobaki mwisho. Titi likijaa nilikamua kidogo tu, ya kupunguza maumivu. Ukiyamaliza maziwa yote, ndiyo unaliagiza litengeneze mengine.

Nusu Kikombe
Mimi niliacha miezi 4 na simwombi mtu radhi. Ila mwenye mada, chunga hili: mtoto wa chini ya mwaka ukimtoa ziwani anahitaji maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji chake kikuu bado. Wako akitimiza 12 utakuwa umejipunguzia kazi ya chupa.

Ngazi Kumi
Kabla hujalisingizia ziwa, pima damu. Nilimwachisha wangu miezi 13 kwa ajili ya uchovu, mwezi ukaisha bado napanda ngazi kumi nasimama kuhema. Kupima, damu 8. Vidonge vya madini ya chuma vilinirudisha taratibu, wiki kwa wiki. Daktari aliangalia na tezi ya shingoni pia, kwa sababu mwaka wa kwanza baada ya kujifungua huweza kuharibika, na dalili yake mojawapo ni uchovu huohuo. Yangu ilikuwa salama. Mpaka leo inaniuma kwamba niliyemhukumu alikuwa mtoto.

Baba Zamu
Wanaume tunaruhusiwa humu? Mke wangu alihamia chumba cha pili, usiku ukawa wangu. Mtoto miezi 16. Usiku wa kwanza alilia dakika 50 nimembeba, ananisukuma kifua kwa dharau kabisa. Wa pili nikavaa gauni la kulalia la mama yake juu ya fulana, harufu ikasaidia, akaguna tu. Wa nne aliamka mara moja, akanywa maji, akalala. Mchana akaendelea kunyonya kama kawaida. Sharti moja: mama asije mlangoni kuchungulia. Wangu alikuja, tukaanza upya.

Mbili na Nne
Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ya ziwa tupu, kisha ziwa pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Nilifika miaka 2 na miezi 4, na ndugu walinisema hadi wakachoka wao. Ila usiku niliufunga mapema, kwa njia ya huyo baba hapo juu, bila gauni. Dada, unaweza kuacha usiku ukabaki na mchana. Mimi hilo nililijua nimeshalia vya kutosha. Na usiamue saa tisa ya usiku. Saa hiyo mimi niliamua kila kitu, hata talaka.

Macho Mekundu
Asanteni, nimesoma yote kwa mkono mmoja, huku mwingine mtoto kauweka mwenyewe chini ya shavu. Jumatatu naenda kupima damu. Mchana namwachia anyonye kwanza. Usiku nasubiri atimize mwaka. Baba yake nimemwonyesha ujumbe wa Baba Zamu, kausoma mara mbili, kisha kauliza: "Gauni lipi?"