Napenda kuwaandikia watu vikaratasi kwa mkono, ila jirani yangu hapa Mikindani kaona hirizi

MwanaMikindani:
Habari za humu ndugu zangu. Naomba ushauri, na mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Nimehamia Mikindani kikazi, nimepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Nina mazoea niliyotoka nayo kwetu Masasi: mtu akinitendea jema namwandikia kikaratasi. Dada anayeniuzia chapati, bodaboda aliyenirudishia simu niliyoisahau kwake, mwalimu wa mwanangu. Mistari mitatu minne kwa peni, jina lake juu, la kwangu chini. Naandika usiku nyumba ikishatulia na sijui niwaelezeje raha yake. Simu inaharakisha, unaona mwenzio "anaandika..." na wewe unakimbilia kujibu. Kwenye karatasi namuwaza mtu mmoja tu mpaka namaliza, na yanakuja mambo ambayo kwa mdomo nisingeyakumbuka. Mfano yule dada wa chapati huwa ananichagulia laini za chini bila kumwomba. Nilimwandikia hilo hilo. Kakibandika ndani ya kabati lake la vioo, pembeni ya bei.

Sasa shida. Jirani wa chumba cha pili, mama mtu mzima, alibaki na mwanangu akiwa na homa, mimi niko kazini. Akamkanda kwa maji mpaka nikarudi. Usiku nikamwandikia, nikakunja kikaratasi kikawa kidogo, nikakipenyeza chini ya mlango maana alishalala. Asubuhi nakikuta uani, kimetolewa kwa kijiti na kumwagiwa maji ya chumvi. Habari zimefika hadi kwa mwenye nyumba. Mama mwenyewe kusoma hajui, na hakumpa mtu amsomee. Nikimwamkia anaitikia huku anatazama pembeni.

Mume wangu anasema niache, nitume meseji kama wenzangu. Niache kweli? Au kuna namna ya kuandika huku bila kuonekana namtupia mtu kitu?

Chale_wa_Feri:
Karatasi imekunjwa ndogo, chini ya mlango, usiku! Dada, hata mimi na digrii yangu ningemwita shehe 😂😂

BiMkubwa_Lindi:
Mwanangu, usiache. Ila ujue uko wapi. Huku pwani karatasi yenye maandishi ina kazi zake. Kuna hirizi inayoshonewa ndani ya kitambaa au ngozi. Kuna kombe, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Mtu aliyekulia humo akikuta kikaratasi mlangoni, na mle ndani juzi tu kulikuwa na mtoto mgonjwa, utamlaumu kwa lipi? Usimwone mshamba.

Nenda mwenyewe, mchana, na awepo mtu wa tatu, hata mpangaji mwenzenu. Usiende mikono mitupu, beba sukari au nazi mbili. Shukrani umpe kwa mdomo kwanza. Kisha toa karatasi ikiwa wazi, haijakunjwa hata mara moja, umsomee hapo hapo huku anaitazama, umwachie. Iwe fupi, kitu atakachokishika kichwani. Habari za kwa mwenye nyumba zitakufa zenyewe, huyo mtu wa tatu atazisambaza.

Mkorosho_Mweupe:
Mambo ya kizungu haya. Sisi watu wa kusini shukrani ni mdomo, na korosho zikishauzwa unampelekea mtu chochote. Karatasi za nini?

Mzee_wa_Nangurukuru:
Mkorosho, kizungu gani? Miongoni mwa barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana ni zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Na wewe posa ulipeleka kwa mdomo mtupu? Haikuandikwa barua, ikafungwa kwenye kitambaa na pesa ndani?

Mimi nimekaa Dar miaka mingi, mama yuko kijijini Kilwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulivuka Rufiji kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilikuwa haina mwenyewe. Barua unampa dereva na hujui itafika lini. Wote tuliandika yale yale, "mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Mama hakujua kusoma, lakini bahasha ikifika alisema hii ya fulani, hii ya mdogo wake, kabla haijafunguliwa. Alikuwa anaijua miandiko yetu kwa sura tu. Kwa hiyo binti, asiyesoma naye mwandikie.

MwanaMikindani:
Shikamoo Bi Mkubwa, shikamoo mzee wangu. Nitakwenda mwisho wa wiki, sukari nimeshanunua. Wakati nasubiri, nisaidieni na hili: kuna vikaratasi nilivyohifadhi vimeanza kuchafuka maandishi. Ni hewa ya bahari au peni?

KaraniMstaafu:
Vyote. Achana na peni za jeli, mkono wenye jasho ukigusa tu wino unatambaa. Tumia peni ya kawaida, ya bluu au nyeusi. Nyekundu hapana, wengi hawapendi kuona jina lao limeandikwa kwa wino mwekundu, na kwa huyo mama utakuwa umeongeza kuni. Karatasi chomoa kwenye kaunta buku, ni nzito kidogo kuliko ya daftari la mtoto. Bahasha zenye gundi zikikaa kwenye unyevu zinajigandisha zenyewe, nunua chache chache.

Na kwa kuwa uko Mikindani: Livingstone alishukia hapo hapo mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe huko Kongo, karatasi na wino vilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa kienyeji wa mimea. Ulififia mpaka wataalamu wakalazimika kuzipiga picha zile kurasa kwa mianga ya rangi tofauti ndipo zikasomeka. Peni ya dukani inatosha sana.

Chale_wa_Feri:
Mrejesho tafadhali, tusiachwe njia panda.

MwanaMikindani:
Mrejesho. Nimekwenda na mke wa mwenye nyumba. Mama kasikiliza kimya, sukari kapokea, karatasi kaigeuza nyuma na mbele kisha kaiweka chini ya mkeka. Nikajua yameisha. Jioni kagonga mlango, anataka nimwandikie na yeye! Ana kijana yuko Tunduru kwenye madini, hapigi simu. Nimechukua peni, kaanza kunitamkia, na ndugu zangu ni maneno makali mwanzo mwisho. Amemwita mtoto wa watu kila jina. Niandike yalivyo au nipunguze makali?

BiMkubwa_Lindi:
Yaandike yalivyo, si yako. Ila juu weka salamu, na chini umuulize atakuja lini.